Kizuri Chajiuza? Historia Fupi ya Uchaguzi wa Kazi za Sanaa

Utangulizi

Wahenga wetu walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, tena bila shaka yoyote moyoni. Tuliiandika ubaoni, tukaieleza maana yake, tukawataka wanafunzi waitungie kisa. Lakini mwaka jana alitujia kijana mmoja ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu, naye akatuuliza swali lililotufanya tuirudie methali hiyo na kuitazama upya.

Kijana huyo ni mchoraji. Huchora herufi, mabango, na picha za vitabu vya watoto. Zamani msanii wa namna yake alikusanya kazi zake bora katika mkoba mpana, akautia kwapani na kwenda nao kubisha hodi kwa wenye kazi. Siku hizi mkoba huo umehamia katika intaneti. Zipo tovuti ambamo wachoraji, wapiga picha na wabunifu wa dunia nzima huweka mikoba yao wazi ili waajiri na wanunuzi waipitie. Kijana wetu aliweka wake katika mojawapo. Mwaka mzima kazi zake zilikaa humo bila kutazamwa ila na rafiki zake wachache. Kila siku aliona kazi za wengine zimetolewa mbele, zimepewa alama ya heshima, nazo zikitazamwa na maelfu. "Mwalimu," akatuuliza, "si ulitufundisha kuwa kizuri chajiuza? Basi kazi yangu ni mbaya?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia avute subira, kama walimu wasemavyo wanapoishiwa na maneno. Tulipoagana naye tuliona kuwa swali lake lastahili jibu bora kuliko hilo, na jibu hilo tumelitafuta katika historia. Maana jambo la kazi nyingi kupangwa mbele ya watu wachache wenye uwezo wa kusema "hii ipite, ile isipite" halikuanza na intaneti. Lina umri wa zaidi ya karne tatu.

Mlango wa Paris

Mwaka 1648 kiliundwa nchini Ufaransa chuo cha kifalme cha wachoraji na wachongaji, na mwaka 1667 wanachama wake walifanya maonyesho yao ya kwanza. Kuanzia mwaka 1725 maonyesho hayo yalifanyika katika ukumbi mmoja wa jumba la Louvre, Paris, ulioitwa Salon Carré. Na kutokana na ukumbi huo maonyesho yenyewe yakaitwa Salon. Mwaka 1748 likawekwa jopo la waamuzi, ambalo kazi yake ilikuwa kupokea na kukataa. Baada ya mapinduzi, mwaka 1791, wasanii wasio wanachama nao waliruhusiwa kuleta kazi zao. Mtu angedhani kuwa kufunguliwa kwa mlango kungelipunguzia jopo nguvu. Haikuwa hivyo. Kazi ziliongezeka mwaka hata mwaka, nazo kuta hazikuongezeka kwa kadiri hiyo; na palipo na vitu vingi na nafasi chache, mchaguzi huwa mfalme.

Ili tuelewe uzito wa jopo hilo, hapana budi tukumbuke kuwa katika karne ya 19 Salon ndiyo iliyokuwa soko kuu la sifa. Tajiri aliyetaka picha ya kutundika sebuleni aliogopa kununua kazi ya mtu asiyejulikana na Salon, na serikali yenyewe ilinunua kazi humo. Mchoraji aliyekataliwa hakupoteza heshima tu, alipoteza na posho yake.

Mwaka 1863 mambo yalifika kikomo. Kazi kama 5000 zililetwa mbele ya jopo, na zaidi ya nusu zikakataliwa. Malalamiko ya wasanii yalipomfikia Napoleon III, aliyekuwa mtawala wa Ufaransa, alitoa uamuzi ambao haukutarajiwa: kazi zilizokataliwa zionyeshwe nazo, katika sehemu nyingine ya jumba lile lile la maonyesho, na watu wenyewe wawe waamuzi. Maonyesho hayo yalifunguliwa mwezi Mei mwaka huo huo, na historia imeyapa jina la Maonyesho ya Waliokataliwa.

Watu walifika kwa wingi. Walifika, wakaangalia, wakacheka. Walicheka zaidi mbele ya picha ya Édouard Manet, ambamo mwanamke asiye na nguo ameketi nyasini pamoja na wanaume wawili waliovaa kikamilifu, chakula kimemwagika kando yao. Walicheka pia mbele ya picha ya Mmarekani James Whistler, ya msichana mwenye gauni jeupe aliyesimama mbele ya pazia jeupe; picha ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imekataliwa na waamuzi wa London vilevile. Paul Cézanne na Camille Pissarro nao walikuwamo miongoni mwa waliokataliwa. Leo picha ile ya Manet imo katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris, na ile ya Whistler imo katika jumba la taifa la sanaa la Washington, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuziona.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kuonyesha kuwa waamuzi walikosea. Ni kweli walikosea. Waamuzi wa mwaka huo walikuwa wanachama wa chuo cha sanaa, watu waliofunzwa kuchora kwa namna moja na waliofundisha namna hiyo hiyo. Na mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini tukisimulia kisa kwa haki, hatuna budi kuongeza mambo mawili. La kwanza ni kuwa umma nao ulikosea. Wengi walipewa nafasi ya kuamua, wakaitumia kucheka. La pili ni kuwa kazi nyingi zilizokataliwa mwaka ule zimesahaulika hadi leo, na hakuna anayezitafuta. Kukataliwa peke yake si ushahidi wa ubora, kama ambavyo kupokewa peke yake si ushahidi huo.

Serikali ilipata funzo fulani. Kanuni zilibadilishwa, na kuanzia mwaka 1864 sehemu kubwa ya waamuzi ilichaguliwa na wasanii wenyewe, wale waliokwisha kupata nishani. Wengine hawakungoja kanuni. Mwaka 1874 kundi la wachoraji 30, wakiwamo Claude Monet, Edgar Degas na Berthe Morisot, lilifanya maonyesho yake lenyewe katika vyumba vilivyokuwa vya mpiga picha Nadar, mjini Paris. Hawakuomba ruhusa ya jopo lolote. Hao ndio waliokuja kuitwa Waimpresheni.

Ukuta una juu na chini

Tumesema habari za mlango. Sasa tuseme habari za ukuta. Maana aliyepita mlangoni hajafika bado machoni pa watu.

Mjini London Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1768, na mwaka uliofuata kikaanza maonyesho ya kila mwaka. Kuanzia mwaka 1780 maonyesho hayo yalifanyika katika jumba la Somerset. Kuta za chumba kikubwa cha jumba hilo zilijazwa picha kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, fremu ikigusana na fremu. Palikuwa na mstari ukutani, kiasi cha futi 8 kutoka chini, na picha kubwa zilizobahatika zilitundikwa ukingo wao ukiufuata mstari huo. Zilizokosa bahati zilipandishwa juu kabisa, mahali ambapo mtazamaji angeumia shingo kabla ya kuona kitu.

Thomas Gainsborough alikuwa mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Uingereza ya wakati wake, tena mwanachama wa chuo hicho tangu kuanzishwa kwake. Mwaka 1784 alipeleka picha ya mabinti watatu wakubwa wa mfalme. Alikuwa ameichora kwa mkono mwepesi, ipate kutazamwa kwa karibu, akaomba isiwekwe juu zaidi ya futi 5 na nusu. Kamati ya utundikaji ilikataa, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Gainsborough akaziondoa picha zake zote, na hakuonyesha tena kazi katika chuo hicho mpaka alipofariki mwaka 1788. Huyu hakukataliwa mlangoni. Alikataliwa ukutani, na kwake yalikuwa mamoja.

Ukuta uliojaa hivyo haukuathiri bahati ya kazi tu, uliathiri na namna ya kuchora. Wachoraji walijifunza kutumia rangi kali na tofauti kubwa za mwanga na giza ili picha zao zisimezwe na jirani zake. Kisa kimoja cha mwaka 1832 kimehifadhiwa na mchoraji C. R. Leslie, aliyekuwa rafiki wa mmoja wa wahusika. Picha ya bahari ya J. M. W. Turner, yenye rangi ya kijivu, ilitundikwa karibu na picha ya John Constable iliyojaa rangi nyekundu na dhahabu. Katika siku ambayo wanachama waliruhusiwa kuzigusa picha zao kwa mara ya mwisho, Turner aliingia, akatazama picha ya jirani, kisha akaiendea yake na kuitia doa moja la rangi nyekundu, dogo tu, katikati ya bahari ile ya kijivu. Akaondoka bila kusema neno. Doa hilo liliyavuta macho ya kila mtu, na picha ya Constable ikaonekana imefifia. Baadaye Turner alirudi na kuligeuza doa kuwa boya lielealo majini. Tunamwomba msomaji alikumbuke doa hilo, maana tutakutana nalo tena.

Maonyesho yasiyo na jopo

Ikiwa jopo hukosea, kwa nini lisiondolewe kabisa? Swali hili liliulizwa, tena lilijaribiwa kwa vitendo. Mwaka 1884 wasanii wa Paris waliunda Chama cha Wasanii Huru, ambacho kanuni yake ilikuwa fupi: hakuna jopo wala hakuna zawadi. Mwaka 1917 chama cha namna hiyo kilifanya maonyesho yake ya kwanza mjini New York. Yeyote aliyelipa ada ya dola 6 alikuwa na haki ya kuonyesha.

Wenyeji wa New York walikuwa wamelitambua tatizo la ukuta. Kwa shauri la Mfaransa Marcel Duchamp, kazi zaidi ya 2000 zilipangwa kwa kufuata alfabeti ya majina ya ukoo, na herufi ya kuanzia ilipatikana kwa kura. Kura iliangukia herufi R. Hivyo mchoraji hodari na yule aliyeanza kushika brashi wiki iliyopita walikaa jirani kwa sababu tu majina yao yalianza kwa herufi moja. Hii ilikuwa haki timamu. Lakini hebu tujiweke katika nafasi ya mtazamaji aliyepita mbele ya kazi 2000 zilizopangwa kwa alfabeti. Hana wa kumwonyesha njia, na akifika ya mia macho yake yamechoka. Kuonyesha kila kitu kwa usawa ni jambo la haki kwa msanii, lakini laweza kuwa mzigo kwa mtazamaji.

Tena hata huko jopo lilirudi kwa mlango wa nyuma. Kililetwa chombo cha kukojolea cha kiwandani, kimewekwa sahihi ya "R. Mutt" na kupewa jina la Chemchemi. Ada ilikuwa imelipwa. Wakuu wa chama walikutana, wakapiga kura, wakaamua kuwa hiyo si sanaa, na haikuonyeshwa. Duchamp, ambaye mwenyewe ndiye aliyekuwa nyuma ya jina hilo, akajiuzulu. Jaribio lake lilifichua jambo moja: hata wanaoapa kuwa hawachagui huwa wana mpaka mioyoni mwao, nao hawaujui mpaka uguswe.

Kwetu Afrika Mashariki

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu na picha zao. Sisi walimu wa Kiswahili tuna jopo letu katika historia. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikiziunganisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu vya shule na kutoa idhini kwa ile iliyofuata Kiswahili sanifu. Iliandaa pia mashindano ya uandishi ili waandishi wapatikane. Mwaka 1952 makao yake yalihamia Makerere, na mwaka 1964 ikageuka kuwa taasisi katika chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Hatuna nia ya kuibeza Kamati hiyo. Bila usanifishaji, mtoto wa Kampala na mtoto wa Tanga wasingesoma kitabu kimoja. Lakini kipimo chake kikuu kilikuwa usanifu wa lugha, na lugha hiyo ilijengwa juu ya Kiunguja. Mombasa, mji wenye hazina ya tenzi na mashairi ya Kimvita tangu kale, ulijikuta ukipimwa kwa kanda ya jirani. Kipimo kilikuwa halali kwa shabaha yake. Kosa hutokea pale ambapo watu husahau shabaha, wakadhani kuwa kilichopita katika kipimo ndicho kizuri na kilichobaki nje ni taka.

Mikoba ya intaneti

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mtandao wa kurasa uliobuniwa na Tim Berners-Lee, na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, ulileta kitu ambacho Paris haikuwa nacho: ukuta usio na mwisho. Hapakuwa tena na haja ya kukataa, kwa kuwa nafasi haikuisha. Wengi walifurahi wakidhani kuwa zama za majopo zimekwisha. Kumbe kilichopungua sasa hakikuwa ukuta, bali macho. Mlango ulifunguliwa kwa wote, na ugomvi wote ukahamia kwenye ule mstari wa futi 8, ambao sasa huitwa ukurasa wa mbele.

Kila tovuti ilitafuta njia yake ya kuujaza ukurasa huo, na njia zenyewe zaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Njia ya kwanza ni ya wahariri. Tovuti ya DeviantArt, iliyoanzishwa mwaka 2000, iliweka utaratibu wa kutangaza kazi teule za kila siku: wanachama walipendekeza, na watu waliopewa dhamana wakachagua. Behance, iliyoanzishwa New York mwaka 2005 na kununuliwa na kampuni ya Adobe mwaka 2012, ilikuwa na wachaguzi wake walioipitia mikoba kwa macho yao na kuipa utepe kazi waliyoiteua, kila tawi la sanaa na orodha yake. Huyu ni ndugu wa jopo la Paris, ila hakatai, hunyamaza tu. Aliyekataliwa Paris alijua kuwa amekataliwa. Aliyenyamaziwa leo hajui kama kazi yake ilipimwa ikapungua, au haikuonekana kabisa.

Njia ya pili ni ya hesabu. Flickr, tovuti ya picha iliyoanzishwa Kanada mwaka 2004, ilianza mwaka 2005 kuteua picha zake za kila siku kwa programu ya kompyuta. Programu hiyo haikuijua picha wala rangi. Iliangalia mwenendo wa watazamaji: nani ameifungua, nani ametoa maoni, nani ameiweka miongoni mwa azipendazo. Kwa njia hiyo ilipata picha 500 kila siku. Hapa umma wa mwaka 1863 umerudi kuwa mwamuzi, safari hii ukihesabiwa na mashine.

Njia ya tatu ni ya mwaliko. Dribbble, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, haikumruhusu kila mtu kuonyesha; mwanachama wa zamani ndiye aliyemwalika mpya. Kazi zenyewe zilionyeshwa katika kijipicha cha nukta 400 kwa 300, kidogo kuliko kadi ya posta. Basi wabunifu walijifunza kutengeneza vitu vinavyopendeza katika nafasi ndogo hiyo, kwa rangi zinazomkamata mpita njia. Doa jekundu la Turner hilo! Namna ya kuchagua imegeuka tena kuwa namna ya kuchora.

Njia ya nne ni ya alama, nayo itawagusa walimu. Awwwards, tovuti ya Valencia, Hispania, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya kutunuku tovuti nyingine, iliweka waamuzi na mgawanyo wa alama: usanifu wa sura 40 kwa mia, urahisi wa kutumia 30, ubunifu 20, na yaliyomo 10. Sisi tuliozoea kusahihisha insha tutaguna kuona yaliyomo yamepata kumi tu. Lakini angalau alama hizo zilitangazwa wazi, na aliyeshindwa aliweza kujua ameshindwa wapi.

Njia hizi zote huchanganyika, na kila moja huweza kutekwa. Mwezi Desemba mwaka 2022 wachoraji wa tovuti ya ArtStation walichukizwa na picha zilizotungwa na programu za kompyuta kupandishwa mbele pamoja na kazi za mikono yao. Walipandisha kwa wingi picha moja ya kupinga jambo hilo, wakaisifu na kuisambaza, mpaka ukurasa wa mbele ukajaa upinzani. Kanuni ya hesabu iliutii umati ule kama ilivyotii umati mwingine wowote. Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao.

Jaribio la nyimbo 48

Je, umati waweza kuaminiwa kuliko jopo? Mwaka 2006 wataalamu watatu wa Marekani, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha jaribio ambalo lastahili kujulikana na kila mwalimu. Walikusanya nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana, wakawaalika watu zaidi ya 14,000 wazisikilize katika intaneti na kuchukua walizozipenda. Baadhi waliona majina ya nyimbo tu. Wengine waligawanywa katika makundi 8, na kila kundi lilionyeshwa hesabu ya watu wake waliokwisha kuuchukua kila wimbo.

Matokeo yalikuwa haya. Mahali ambapo watu waliona hesabu, nyimbo zilizopendwa zilipendwa mno na zilizoachwa ziliachwa mno. Tena kila kundi lilikuwa na mabingwa wake. Wimbo mmoja ulikuwa wa kwanza katika kundi moja, na wa 40 katika kundi jingine. Nao ni wimbo ule ule, sauti zile zile. Nyimbo bora sana hazikuanguka chini kabisa mara nyingi, na mbaya sana hazikupanda juu mara nyingi. Lakini kwa zile nyingi za katikati, bahati ya mwanzo ndiyo iliyoamua. Waliotangulia kupita waliacha nyayo, na waliofuata walizikanyaga nyayo.

Hitimisho

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu. Kizuri chajiuza, naam, lakini sharti kwanza kiwekwe sokoni mahali kinapoonekana; na mwenye kupanga bidhaa sokoni ni binadamu, au ni mashine iliyofundishwa na binadamu. Kutoteuliwa mwaka mmoja hakusemi kuwa kazi ni mbaya. Hakusemi pia kuwa ni nzuri. Hakusemi lolote, na hilo ndilo gumu la kumeza. Alitaka hukumu, naye amepewa kimya. Ushauri wetu kwake ni ule walioufuata wachoraji 30 wa mwaka 1874: atafute wenzake, watazamane kazi kwa uaminifu, wakosoane, na waonyeshe pamoja. Mkoba wake aendelee kuuweka wazi, lakini asiufanye utepe kuwa mizani ya kujipimia.

Lakini lipo jambo ambalo hatukumwambia siku ile, nalo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Alipokuwa kidato cha pili, shule yetu ilikuwa na ubao wa kazi teule mbele ya ofisi ya walimu. Kila mwezi tulichagua insha na michoro kumi. Tulichagua haraka, jioni, tukiwa tumechoka. Na tukisema ukweli, tulichagua hati nzuri, karatasi safi, na majina tuliyokwisha kuyazoea. Mtoto aliyebandikwa mwezi wa kwanza alibandikwa na mwezi wa tatu. Kijana huyu alikuwa akichora pembezoni mwa daftari kwa kalamu ya wino, kurasa zimekunjamana. Kwa miaka minne hakubandikwa hata mara moja. Hatukumkataa. Tulinyamaza. Sisi ndio tuliokuwa ukurasa wake wa mbele wa kwanza.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu mambo matatu, na sisi wenyewe tumeanza kuyatenda. Kwanza, vipimo vya uchaguzi viandikwe na kubandikwa kando ya kazi zenyewe, ili mtoto ajue amepimwa kwa nini. Pili, nafasi chache za ubao ziachwe kwa kura, kama ile herufi ya New York, ili asiyezoeleka naye apate kukaa mbele ya macho walau mara moja. Tatu, kila asiyechaguliwa apewe neno moja la kweli kuhusu kazi yake. Neno hilo halihitaji kuwa refu. Mchagua nazi hupata koroma, na kukosea katika kuchagua hakuepukiki. Lakini kunyamaza kwaepukika.

Kijana wetu tulimwita tena mwezi uliopita. Tulimsimulia habari za Gainsborough na futi zake tano na nusu, akacheka. Kisha tukamwomba atuchoree kichwa cha ubao mpya wa shule. Amekwisha kuuleta, na safari hii tuliutazama asubuhi, kwenye mwanga.